Kufunga saidi sketi za Axio kwa NZE ya zamani: mwongozo kamili, kuanzia tepu ya kupimia hadi mahali pa jeki

Saidi sketi ni ile plastiki ndefu ya kupamba inafungwa chini ya milango ya gari. Ya kwanza kufungwa kwa NZE yangu ilianguka Jogoo Road, Nairobi, asubuhi ya mvua, karibu na steji imejaa watu. Haikuanguka yote, ilining'inia upande wa nyuma ikikwaruza lami, na mimi nilikuwa nimefungulia redio kwa hivyo sikusikia kitu mpaka makanga wa matatu iliyokuwa kando yangu akatoa kichwa nje akapiga nduru, "Buda, sketi inaanguka! Vuta sketi!" Steji nzima ikacheka. Nikapaki kando, nikaing'oa na mikono, nikaisukuma ndani ikalala kutoka dashibodi mpaka kioo cha nyuma, nikaenda kazi na gari imevaa sketi upande mmoja.

Fundi aliyenifungia alitumia gundi na tepu ya pande mbili peke yake. Hakupima kitu, hakuangalia hiyo plastiki ni ya aina gani, na mimi nilikuwa nimesimama hapo hapo nakunywa soda nikimwangalia, kwa hivyo lawama tunagawana. Mara ya pili nilifanya mwenyewe, wikendi mbili, na hiyo ndiyo naandika hapa. Gari ni Toyota Corolla NZE ya 2003, ile bodi ya 121, na sketi zimetoka kwa Toyota Axio bodi ya 141. Ukiwa na Corolla 110, Premio, Nissan B15 ama Subaru Impreza njia ni hii hii, chenye kinabadilika ni vipimo.

Kabla hujatoa pesa

Watu wengi huchagua sketi na macho. Wewe anza na wilibesi, yaani umbali kutoka katikati ya wili ya mbele hadi katikati ya wili ya nyuma. NZE 121 ni milimita 2600, na Axio 141 pia ni 2600, ndiyo maana nilizifuata hizo. Corolla 110 ni 2465, kwa hivyo ukitoa sketi za NZE upeleke kwa 110 utakuwa na karibu sentimita 13 na nusu za kukata kila upande. Premio 240 ni 2700, huko sketi ya NZE itakuwa fupi kama sentimita 10. Kukata ni kazi, lakini kuongeza ni kazi mara tatu, kwa hivyo ukikosa zenye zinatoshana chukua ndefu.

Sasa usifurahi sana wilibesi zikilingana. Sketi haipimwi kutoka wili hadi wili, inakaa katikati ya tao la fenda ya mbele na tao la nyuma, yaani ule mviringo wa bodi juu ya tairi, na matao ya gari mbili tofauti hayafanani. Zangu, na hiyo 2600 yote, zilikuwa ndefu milimita 14 upande wa mbele. Kwa hivyo nenda kwa wauza spea wa Kirinyaga Road, ama Grogan venye wazee wanaiita, ukiwa na vipimo vyako kwa karatasi na tepu kwa mfuko, na pima sketi yenyewe, usiulize muuzaji kama itaingia. Atakuambia itaingia. Huko hata sketi ya Probox itaingia kwa Vitz kama umebeba pesa taslimu.

Igeuze uangalie nyuma. Kuna herufi ndogo za aina ya plastiki zimechapwa ndani ya alama kama mishale miwili: PP, ABS, ama kwa Toyota unaweza kupata TSOP, ambayo ni jamii ya PP. Hii ndiyo kitu fundi wangu hakuangalia. ABS inashika gundi na rangi vizuri. PP na ndugu zake ni kama sahani imepakwa mafuta, gundi ya kawaida na rangi ya kawaida zinabanduka kama ganda la yai. Kama herufi zimefutika, kwangua kipande kidogo mahali hapataonekana ukidondoshe kwa glasi ya maji. Kikielea ni jamii ya PP. Kikizama usikimbilie kusema ni ABS, juu kuna PP yenye imechanganywa na talki na hiyo pia huzama, kwa hivyo weka tone la asetoni nyuma ya sketi: ABS italainika na kunata kwa kidole, PP haitajali.

Na kama muuzaji anakupea za faiba, gonga na kucha usikie. Faiba inalia kavu, kama kigae. Mimi sipendi faiba kwa sketi, hasa kwa barabara zetu za ndani ya esteti, juu haipindi, ikigusa tuta inapasuka. Kwa bampa sawa. Kwa sketi tafuta plastiki.

Mwisho, ilaze chini kwa saruji iliyo sawa, funga jicho moja uangalie urefu wake venye fundi seremala huangalia mbao. Zile zimekaa juani zikiwa zimeegemezwa ukuta miezi sita huwa zimejipinda kama upinde. Mimi niliambiwa elfu kumi na mbili nikatoka na elfu saba kwa jozi, na hiyo elfu tano ilishuka tu nilipomwonyesha venye moja ilikuwa imepasuka pembe.

Kupima gari, na hapa usiharakishe

Gari iwe chini, tairi zote ziko na upepo sawa, usukani umenyooka, mahali tambarare. Sio kwa jeki. Ukipima gari ikiwa juu, springi zimeachia na vipimo vya chini vyote ni uongo.

Alama zako za kuanzia ziwe katikati ya wili, usizianzishe kwa ukingo wa mlango ama fenda. Sababu ni hii: gari za umri huu zimegongwa na kurudishwa, na ukingo wa bodi ulioundwa na nyundo si wa kuaminiwa. Nilipopima yangu, wilibesi ya kushoto na ya kulia zilitofautiana milimita 9. Mwenye aliniuzia aliapa hii gari haijawahi kuguswa. Ata nilimpigia simu nikamwambia, akasema labda ni tepu yangu. Chenye nataka ushike ni kwamba kushoto na kulia ni kazi mbili, usikate sketi ya kulia kwa kutumia vipimo vya kushoto.

Andika vitu vitatu kila upande. Kwanza urefu, kutoka tao hadi tao, ukipima usawa wa katikati ya kizingiti, yaani ile chuma ya chini ya milango. Pili umbo la kizingiti chenyewe, juu kingine kimejaa nje kama tumbo na kingine kimekatwa wima. Chukua katoni ya maziwa ama ya televisheni, ikate kidogo kidogo mpaka ishike umbo la kizingiti kwa sehemu tatu: nyuma ya tairi ya mbele, katikati chini ya nguzo ya milango, na kabla ya tairi ya nyuma. Hizo katoni tatu uziweke mgongoni mwa sketi. Mahali kuna mwanya zaidi ya sentimita moja utahitaji kitu cha kujaza, na mahali katoni inagonga plastiki kabla ya kukaa, hapo ndipo utapunguza plastiki. Plastiki, nimesema. Kizingiti cha gari hakikatwi na hakipigwi nyundo ili sketi iingie, hiyo ndiyo inabeba bodi na inakulinda ukigongwa ubavuni.

Tatu ni milango. Fungua mlango polepole uangalie ukingo wake wa chini unapita wapi. Halafu jaza gari watu, wanne ama watano, ufungue tena, juu gari ya zamani ikibeba watu milango hushuka kiasi na bawaba zilizochoka zinamaliza iliyobaki. Mimi nilijaza watoto wa jirani, na mlango wa nyuma wa kushoto ukashuka milimita 4. Kutoka hapo niliamua kuacha nafasi ya milimita 8 kati ya mlango na sketi na sijawahi kujuta.

Na kuna tuta. Sahau vitabu, pima tuta la geti lako. Sketi ikishafungwa, sehemu yake ya chini kabisa katikati ya gari lazima iwe juu ya kilele cha tuta na nafasi ibaki, gari ikiwa imejaa. Nilitoka saa kumi na mbili asubuhi na ubao mnyoofu na tepu, nikalaza ubao juu ya tuta nikapima hadi lami, soja akakuja polepole akaniuliza kama hatimaye kaunti imenituma kulitoa. Lilikuwa sentimita 11. Sketi yangu, gari ikiwa na watu watano, iko sentimita 13 na nusu kutoka chini, ni kidogo lakini inapita. Kama yako haipiti, ama upandishe sketi ama uache hiyo stori, juu hautapita kwa hilo geti ukiwa umeshusha abiria kila siku.

Kuivalisha bila kuifunga

Osha kizingiti na sabuni, toa tope yote chini, na sasa utafute kutu. Gonga na mpini wa bisibisi kutoka mbele hadi nyuma, sauti ikibadilika ikawa nzito na ya kufa, hapo kuna kutu ama kuna puti, ile ya kujazia bodi iliyobonyea. Kutu ya juu juu piga msasa mpaka chuma ing'ae, weka praima ya zinki. Kama bisibisi inaingia ndani, simamisha kila kitu, peleka gari kwa mtu wa bodi akate aweke chuma mpya. Ukifunika kutu na sketi umeitengenezea nyumba yenye unyevu na giza.

Baada ya hapo shika sketi na masking tepu, mwingi, kila sentimita 15, mtu mmoja akiishikilia. Rudi nyuma hatua kumi uangalie. Mstari wa chini wa sketi ufuate mstari wa gari, ama ushuke kidogo mbele, kamwe usishuke nyuma, juu gari itakaa kama imebeba mahindi kwa buti. Chora na penseli kwa tepu iliyo kwa bodi, sio kwa rangi. Mimi niliiacha hivyo usiku mzima nikaiangalia tena asubuhi na jicho baridi, nikashusha milimita 6.

Kukata

Ile milimita 14 niliitoa mbele, juu nyuma kuna umbo linaingia kwa tao na sikutaka kuliharibu. Kama ni kidogo, hadi sentimita 2, toa kwa ncha moja. Kama ni sentimita 13 za 110, usiguse ncha, kata katikati mahali sketi imenyooka, toa kipande, uunganishe.

Tumia msumeno wa chuma wa meno madogo. Grinda inayeyusha plastiki na ukingo unarudi kujishika nyuma yako. Kata ukiacha milimita 2, malizia na msasa namba 120. Kiungo cha katikati kwa ABS kiko hivi: vile vipande ulivyokata vikate vidogo kama sukari, vitie kwa chupa ya glasi na asetoni kidogo, usiku kucha, asubuhi uko na uji mzito wa ABS. Paka kwa kiungo, na nyuma weka kiraka cha ABS hiyo hiyo upana wa sentimita 8 ukibandike na huo uji, kaa siku mbili. Ni nje kwenye upepo hii, mbali na jiko na sigara, asetoni inashika moto haraka. Kwa PP huo uji hautengenezeki, hapo peleka kwa mtu wa kuchomelea plastiki na vijiti vya PP, wako wengi wanaotengeneza bampa.

Mahali pa kushikia

Sketi ishikwe na chuma. Gundi na tepu ni za kuzuia isipige kelele. Yangu inashikwa hivi: chini mabano sita ya umbo la L, ncha za mbele na nyuma skrubu mbili mbili ndani ya tao, na juu klipu tano pamoja na tepu ya pande mbili. Mabano niliyakata kwa bapa la aluminiamu la upana wa sentimita 2, unene milimita 3, nikayapinda kwa vaisi. Aluminiamu ikikaa uchi juu ya chuma kwenye maji ya mvua zinakulana, kwa hivyo kila mahali zinakutana niliweka kipande cha tyubu ya baiskeli. Hicho kipande pia kinanyamazisha mtetemo.

Kabla ya drili, weka gari kwa stendi mbili imara, sio jeki peke yake na sio mawe, ulale chini na tochi uangalie bomba za petroli na breki zinapita wapi. Halafu ndani ya gari inua kile kifuniko cha plastiki cha chini ya mlango, utaona waya zimelala hapo. Ukishajua zilipo, funga tepu kwa biti ya drili milimita 10 kutoka ncha, hiyo ndiyo breki yako, chuma ya nje haifiki milimita moja na haina haja ya kuzamisha zaidi. Piga alama na panchi ndiyo biti isiteleze, anza na 3 halafu 5. Usitoboe mahali pa jeki na usizibe yale matundu madogo ya chini, hayo ni ya kutolea maji.

Kila tundu likitoboka, lisafishe na msasa, praima ya zinki mara mbili, subiri ikauke. Hata kama giza linaingia. Na fagia ule unga wa chuma wote, ukilala na mvua moja asubuhi kuna madoadoa ya kutu kwa rangi.

Kwa plastiki, matundu yasiwe ya duara. Sketi ya karibu mita 1.8 ikitoka baridi ya alfajiri ya Julai hadi jua la saa nane, tuseme tofauti ya digrii 30, ABS inarefuka karibu milimita 4 na PP inapita hapo, na chuma ya gari kwa urefu huo haifiki hata 1. Ukiibana kila mahali itatafuta pa kwenda, itatoka tumbo katikati. Kwa hivyo tundu moja la katikati liwe la kubana kabisa, mengine yote yavute kwa faili yawe marefu, milimita 6 kwa 10, na uweke washa pana, ile pete bapa ya bolti, juu yake.

Rangi kabla ya kufunga

Namba ya rangi iko kwa kile kibati cha chini ya boneti, mstari wa C/TR. Yangu ni 1C0, ile silva. Lakini 1C0 ya 2003 imekaa juani miaka ishirini na kitu, sio 1C0 ya kopo, kwa hivyo fungua kifuniko cha tenki ya petroli ubebe ukampe mtu wa kuchanganya rangi alinganishe. Nilizunguka mjini nimeshika kifuniko kwa mfuko wa jaketi kama kitambulisho.

Osha sketi na sabuni ya vyombo, kausha, panguza na isopropil, ile spiriti ya kusafishia, usitumie petroli, inaacha mafuta. Msasa 400 wa maji. Kama ni PP, paka praima ya plastiki kwanza, ile ya kushikisha, ukiiruka umenunua ile aibu ya Jogoo Road upya. Halafu praima, msasa 800, rangi, na mwisho klia, ile vanishi angavu ya juu. Rangi ya silva puliza sketi ikiwa imesimama venye itakaa kwa gari, juu ule unga wa chuma ndani ya rangi hulala tofauti sketi ikiwa imelazwa, na ukiivalisha unapata silva mbili. Klia yenye hadena, ile dawa ya kuigandisha, ina sumu ya mapafu, kitambaa cha pua hakisaidii, tafuta barakoa yenye vichujio vya kemikali ama umwachie mtu wa rangi.

Ukibaki kwa rangi ya gari hakuna shida ya makaratasi. Ukiamua kubadilisha gari nzima, NTSA, mamlaka ya usafiri na usalama barabarani, lazima warekebishe rangi kwa logbuku, usingoje kuulizwa barabarani.

Siku ya kufunga

Chagua siku ya joto, tepu ya pande mbili haipendi baridi. Panguza bodi na isopropil, bandika tepu juu ya sketi, lakini ile karatasi ya nje usiitoe yote, toa sentimita 5 kila ncha uzikunje zitokeze. Ingiza klipu, shika bolti ya katikati, halafu za chini bila kukaza, linganisha na alama za penseli, na sasa ndiyo uvute karatasi polepole huku mwenzako akikandamiza nyuma yako. Kandamiza kwa nguvu, tepu hiyo hufanya kazi kwa kubanwa. Kaza bolti kutoka katikati ukienda nje, na zile za matundu marefu zikaze mpaka washa iguse, robo mzunguko, basi. Nati ziwe zile za nailoni ndani. Tepu inafika nguvu yake kamili baada ya kama siku tatu, kwa hivyo siku hizo hakuna kuosha na mashine.

Baada ya hapo niliendesha Outering na Thika Road, madirisha yamefungwa, redio imezimwa. Kulikuwa na kitu kinagonga karibu na tairi ya nyuma, nikakuta ni bano moja linagusa kizingiti bila tyubu. Rudi chini ya gari baada ya wiki mbili ukaze zote tena, utapata moja ama mbili zimelegea.

Kwa kaosho waambie pua ya mashine isielekezwe kwa ule ukingo wa juu wa sketi. Na mtu wa pancha ndiye hatari kubwa kuliko tuta lolote, juu ataona plastiki imefika chini ataingiza jeki hapo hapo na kuinua. Chini ya kila sketi, sambamba na pale pa jeki, nimepaka mshale mweupe saizi ya kidole, na kwa buti jeki iko na kipande cha mbao chenye mfereji wa kuingia ule ukingo wa chuma. Nikipata pancha nashuka mwenyewe nachuchumaa namwonyesha mshale kabla hajagusa kitu.